Usiguse Mlango

Mume wangu ni fundi lifti, na kama kuna kitu nilikichukia nyumbani kwangu ni ile simu yake ya dharura. Simu yenyewe kuukuu, namba zimefutika kwenye vibonye, lakini ikilia tu mzee mzima anaruka kama kaona nyoka. Anaacha chakula mezani, ananiacha na maneno nusu mdomoni, anatoka nayo koridoni na kufunga mlango. Huko koridoni ndiko sauti yake inakobadilika.

"Tulia, mama. Niko na wewe. Kaa chini, vua viatu kama vinakubana. Lifti haianguki, nakuhakikishia. Ila usiguse mlango. Mlango nitaufungua mimi, kwa nje."

Sasa mimi niko upande wa pili wa ukuta na pasi mkononi, maana ni dobi, nguo za watu nazipigia pasi nyumbani. Nasikia kila neno. Sauti laini, ya taratibu, ya mtu asiye na haraka yoyote duniani. Na anapewa nani sauti hiyo? Mtu baki, kakwama huko ghorofani, hata sura hamjui! Akimaliza anarudi ndani, anakaa, ananiuliza chumvi iko wapi. Ndiyo mazungumzo yetu ya siku nzima hayo. Si mkali, si mlevi, hajawahi kuninyanyulia mkono, na ndiyo maana hata kulalamika nilishindwa. Utakwenda kwa nani useme shida yangu ni mume anayenyamaza? Si watakucheka.

Watoto wakakua, wakaenda zao. Tukabaki mimi, yeye na simu.

Halafu lifti ikamgeuka. Alikuwa amesimama juu ya kibanda cha lifti, kile kinachobeba watu, akipaka reli grisi, mtu huko chini akarudisha umeme bila kuuliza, kibanda kikapanda, mguu wake wa kulia ukabanwa ukutani. Mfupa waliuunga kwa vyuma. Balaa likawa nyama. Kidonda kilianzia chini ya goti mpaka karibu na kifundo, kikaingia usaha, ikabidi kioshwe kila baada ya siku moja na nyama iliyokufa ikwanguliwe.

Kwa nini wasimlaze usingizi wakamwosha hajitambui? Niliuliza hivyohivyo, tena kwa ukali. Kumbe walishajaribu mara ya kwanza na moyo wake ukagoma, wakahangaika kumrudisha mpaka jasho likawatoka. Moyo mbovu, na hakuna aliyejua, hata mwenyewe. Tangu hapo wakawa wanampa dawa ya maumivu kwa kiasi ambacho moyo unakiweza, na kiasi hicho kwa kidonda kile ni sawa na kumpulizia.

Chumba cha kuoshea vidonda hakikuwa na dirisha. Kuta za vigae vyeupe, kitanda cha chuma, beseni, taa moja inayovuma. Mlango wanaufunga ili wagonjwa wengine wasisikie. Mimi nilisimama kichwani nimemshika mabega, muuguzi yuko mguuni na koleo lake. Huyo muuguzi wenzake walimwita Kasuku kwa kuongea kwake, lakini mle ndani hata yeye alinyamaza. Akigusa tu, mume wangu anajikunja, meno yanasagana, mashine ya moyo inaanza kulia kwa kasi. "Basi, basi, acheni!" Wanaacha. Wanafunga bandeji juu ya uchafu uliobaki, tunarudi wodini, tunaanza kuhesabu saa za kurudishwa tena.

Daktari wa upasuaji hakuzunguka. "Mama, kidonda hakisafishwi kikaisha. Nikiosha tena mara moja, mara mbili, na hali ikawa hii, mguu nautoa juu ya goti. Nikichelewa sumu itapanda, nitampoteza mzima."

Mume wangu alikuwa anasikia. Akageuzia uso ukutani. Fundi lifti bila mguu ni nini? Kazi yake ni kupanda ngazi za chuma ndani ya shimo. Nilitaka aseme kitu, atukane, alie, chochote. Akanyamaza, na mimi nikapandwa na hasira mpaka nikatoka nje nikaupiga teke ukuta. Kidole kikavimba. Sikumwambia mtu.

Ndipo akaja daktari wa usingizi. Mwanamke mdogo wa umbo, miwani imening'inia kifuani, sauti kama ya mtu anayeongea na mtoto anayesinzia. Akasema kuna kitu amejifunza, kinaitwa hipnosisi, anataka kukijaribu.

"Utanilaza bila dawa?" mume wangu aliuliza. Ajabu, aliuliza.

"Hulali, baba. Utakuwa unasikia kila kitu. Ila nitakuongoza kwa maneno mpaka mawazo yako yaende mahali pengine. Maumivu yatabisha hodi, yatakuta mwenye nyumba hayupo."

Mimi nilikuwa nangojea atoe saa ya mnyororo aanze kuibembeza mbele ya macho yake. Shemeji yangu aliyekuja kuona mgonjwa akaninong'oneza kwamba huo ni uchawi. Nikamwambia shemeji, uchawi ukiacha mguu na msumeno ukautoa, mimi niko na uchawi.

Sasa yule daktari akafanya kosa, na alilifanya kwa nia njema kabisa. Alijua mgonjwa wake ni fundi lifti, akaona amchagulie kitu anachokizoea. Chumba kilekile, mlango umefungwa, akaanza: "Fumba macho. Pumua. Uko ndani ya lifti, ghorofa ya juu kabisa. Milango inafungwa. Unashuka polepole, na kila ghorofa unayopita mwili unazidi kulegea..."

Kweli akalegea. Mabega yakashuka mikononi mwangu, midomo ikaachia. Nikasema moyoni, loo, mambo hayo! Kasuku akachukua koleo. Ghafla mume wangu akasema, macho yamefumbwa: "Imekwama."

"Haijakwama, baba. Inashuka taratibu."

"Imekwama. Kati ya ya tano na ya nne. Nasikia breki." Pumzi zikaanza kwenda mbio. "Hakuna fundi. Fundi ni mimi. Nani atakuja kama mimi niko ndani?"

Mashine ikapiga kelele, koleo likawekwa chini, bandeji ikarudi. Umemwambia mtu aliyeliwa na lifti apumzike ndani ya lifti! Nilimtolea macho daktari yule mpaka akavaa miwani. "Nimekosea, mama," akasema. "Kesho kutwa tutajaribu bustani."

Bustani nayo haikufaa kitu. Alimwimbia maua na vijito vya maji, mume wangu akalegea kidogo, halafu akasema: "Siwezi kukaa huku. Kuna mtu kakwama." Daktari akataka kumrudisha kwenye maua, lakini mume wangu alishaanza kuongea na hewa. Na sauti, jamani, ilikuwa ile ya koridoni. "Tulia. Niko na wewe. Usiguse mlango." Mimi nywele zilinisimama. Kasuku, ambaye hakuona ishara ya kuacha, akawa anaendelea kukwangua. Akakwangua mahali ambapo kila mara palimfanya mume wangu apige yowe. Mguu haukutikisika. Mashine ikawa inakwenda polepole, kama saa ya ukutani.

Sote watatu tukatazamana.

Kisha akasema, "Halo? Unanisikia? Mbona hujibu?" Akarudia. Hakuna wa kumjibu. Uso ukaanza kukunjana, na maumivu yakamrudia yote kwa mpigo. Nusu ya kidonda ilikuwa safi. Nusu.

Koridoni daktari wa usingizi alinishika mkono. "Umeona? Hawezi kubembelezwa, huyu. Akibembelezwa anakuwa abiria, na abiria amebanwa. Lakini akimbembeleza mtu anakuwa fundi, na fundi yuko nje. Tunahitaji mtu aliyekwama." Akanitazama.

"Usiniangalie mimi," nikasema. "Mimi miaka yote nimesikia upande mmoja tu wa simu. Sijui wale watu humwambia nini."

"Huna haja ya kujua. Sema unavyojisikia."

Daktari wa upasuaji akakubali mara moja ya mwisho. Alishaweka jina la mume wangu kwenye ratiba ya chumba cha upasuaji kwa mchana uleule, ikishindikana. Kwa hiyo asubuhi ile nilijua: tutakachokifanya kikiharibika, jioni nitamkuta mume wangu amepungua.

Sikuweza kukaa chumba kimoja naye, angesikia sauti yangu mara mbili. Wakaniweka stoo ya mashuka, mkabala na chumba cha kuoshea. Stoo yenyewe kijichumba tu, mashuka mpaka darini, balbu moja, harufu ya sabuni niliyoizoea. Kasuku akaniambia, "Dada, kitasa cha ndani kimevunjika, ukifunga huwezi kutoka mpaka mtu akufungulie. Tukimaliza nakuja." Nikamwambia funga. Nikasikia mlango umejibana, na nikasikia na moyo wangu. Nikakaa juu ya furushi la mashuka. Simu yangu ikalia, nikapokea. Daktari wa usingizi alikuwa ameshamwongoza, akanipigia na kuiweka simu sikioni mwa mume wangu.

"Fundi hapa, nakusikiliza," akasema mume wangu.

Nilisahau kila kitu. "Nimekwama," nikasema.

"Pole sana, dada yangu. Niko na wewe." Dada yangu! Mume wangu wa ndoa! "Uko ghorofa gani?"

"Sioni. Kuna balbu moja."

"Taa ikiwaka ni vizuri, ina maana umeme upo. Kaa chini."

"Nimekaa."

"Vua viatu kama vinakubana."

Nikavua. Sijui kwa nini, lakini nikavua, na kile kidole changu kilichovimba kikapata nafasi. Kwa mbali, nyuma ya sauti yake, nilisikia koleo likigonga beseni. Wameanza. Kila likigonga nilijikaza nisikie yowe, na yowe halikuja.

"Umekwama tangu lini?" akauliza. Najua huwauliza wote, anataka kujua kama hewa inatosha, kama mtu ana kiu.

Nilitaka kusema sasa hivi. Mdomo ukasema kingine. "Siku nyingi, fundi. Sikumbuki hata nilipanda lini."

Nikajilaani. Mpumbavu wewe, utamwamsha! Halafu: "Pole. Uko peke yako humo?"

Na hapo maji yalikuwa yamenifika shingoni, sikuweza tena kutunga. "Niko na mume wangu. Lakini ni kama niko peke yangu, maana hasemi. Nimekaa naye humu, nimeongea mpaka nimechoka, nimegombana na ukuta. Naogopa, fundi. Leo naweza kumpoteza na sijawahi kujua anawaza nini."

Koleo likaacha kugonga. Nikasikia mashine, pi, pi, pi, ikianza kukimbia kidogo. Nikaona nilichokifanya. Mguu wa mtu, nimeuuza kwa sababu ya mdomo wangu. Nikaweka kiganja mdomoni, nikangoja.

"Dada yangu," akasema. Ilikuwa sauti ileile, ila nzito zaidi. "Nisikilize. Nimewatoa watu wengi. Kuna wanaopiga kelele na kuna wanaonyamaza. Wote humhurumia anayepiga kelele. Lakini mimi nikifungua mlango huwa namtazama kwanza aliyenyamaza. Huyo ndiye anayeogopa kuliko wote. Si kiburi. Pumzi yote kaitumia kushikilia."

"Kushikilia nini?"

"Asikuogopeshe wewe."

Machozi yakanitoka kama bomba. Niliwaza chumvi, niliwaza mlango wa korido, niliwaza mgongo wake ukutani wodini. Koleo likaanza tena kugonga beseni, na mashine ikarudi kwenye mwendo wake.

"Yuko karibu nawe?" akauliza.

"Yuko karibu."

"Basi mshike mkono. Usimlazimishe kusema. Na msiguse mlango, nyote wawili. Mlango nitaufungua mimi."

"Utachelewa?"

"Nikichelewa nitaomba radhi. Lakini nakuja."

Tukaendelea hivyo. Akaniuliza kazi yangu, nikasema dobi, akasema mkewe pia ni dobi, ana mikono ya moto, akimshika paji la uso anaijua hata akiwa kafumba macho. Hilo nalo sikuwahi kuambiwa. Akanieleza jinsi lifti inavyoshushwa kwa mkono, breki inaachiwa kidogo, inashikwa, inaachiwa kidogo. Sauti ikawa inafifia, mwishowe nikamsikia daktari akimwambia taratibu afumbue macho, simu ikakatika.

Nikabaki stoo. Hakuna aliyekuja. Nikasikia magurudumu ya kitanda yanapita, watu wanaongea, sikuweza kushika neno. Wanampeleka wodini au wanampeleka kwenye msumeno? Kuta za mashuka zikanikaba. Ningeweza kugonga, ningeweza kupiga kelele, mimi huyu ambaye kelele sijawahi kuazima. Nikakaa na viatu mkononi. Nadhani ndiyo mara ya kwanza maishani nilinyamaza kwa woga, na nikajua kunakuwaje.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. "Dada! Nimekusahau, jamani!" Kasuku, uso umejaa jasho. "Mbona hukugonga?"

"Niliambiwa nisiguse mlango. Mguu?"

"Safi mpaka mfupani, nyama nyekundu kabisa. Daktari kafuta jina lake kwenye ratiba. Mguu unabaki!"

Nikamkumbatia na koleo lake.

Walimwosha mara nyingi baadaye, na kila mara mimi niliingia stoo. Lakini hakuniuliza tena nimekwama tangu lini, na mimi sikuthubutu kulirudia lile. Daktari wa usingizi alinieleza kwamba wengine hukumbuka yote waliyosema na wengine hukumbuka vipande. "Muulize," akasema. Rahisi kwake kusema.

Tukarudi nyumbani. Mguu upo, umekakamaa, anatembea na fimbo. Shimo la lifti hatalipanda tena. Simu ya dharura walikuja kuichukua wakampa fundi mwingine, na nyumba ikawa kimya mpaka nikaikumbuka ile simu, mimi niliyeiombea ife. Anakaa sebuleni, anatazama mikono yake. Mimi niko jikoni na pasi yangu. Ananiuliza chumvi iko wapi. Nikaona tumerudi palepale, kati ya ya tano na ya nne, na safari hii hata wa kumpigia hakuna.

Jana nilichomoa pasi. Nikaufunga mlango wa jikoni, nikakaa chini sakafuni, nikavua viatu. Nikampigia kwenye simu yake ya kawaida. Nikaisikia simu yake ikilia upande wa pili wa ukuta, ikalia, ikalia, nikasema basi, nimejiaibisha.

"Fundi hapa," akasema.

"Nimekwama."

Niliisikia pumzi yake mara mbili, kwenye simu na kwenye ukuta.

"Uko na yule mume wako?"

Nikafumba macho. Kumbe alikumbuka. "Yupo. Bado kanyamaza."

"Anaogopa."

"Anaogopa nini tena? Mguu si umebaki?"

"Anaogopa umeshachoka kumngoja."

"Mwambie sijachoka," nikasema. "Nimekasirika tu. Kukasirika na kuchoka ni vitu viwili."

"Nitamwambia. Kaa hapohapo, Mama Watoto. Usiguse mlango."

Kiti kikalia. Nikaisikia fimbo ikigusa sakafu ya korido, kisha mguu wa kushoto, kisha ule wa kulia ukiburuzwa nyuma yake. Fimbo, mguu, mguu. Alikuwa anakuja polepole mno, na kitasa kilikuwa karibu na mkono wangu. Sikukigusa.